Kikapu cha Akamwani Mbele ya Mama wa Sandro

Shangazi yangu Eufrazia wa Ijumbi hajawahi kubabaishwa na mgeni. Amezika mume, amepalilia kahawa peke yake, na kwa kahawa hiyo hiyo amemsomesha binti yake wa pekee, Rose, hadi akawa muuguzi Bukoba mjini. Kilichombabaisha ni neno moja la Kitaliano.

Rose alitaka kuolewa na Sandro, Mtaliano anayechimba visima. Mama yake Sandro alikuwa anakuja kutuona, na asiporidhika ndoa ingekuwa mashakani. Rose akamfundisha shangazi neno la kumpokelea: prego.

"Ni karibu, Mama."

Kumbe si karibu tu. Shangazi alimshukuru Sandro kwa sukari, akajibiwa prego. Walipokutana mlangoni, Sandro akampisha: prego. Asiposikia vizuri, anauliza: prego?

"Neno gani hili, linazunguka kama jembe la kuazima?" Shangazi alikasirika. Wiki nzima alilisema shambani, akalisema hadi kanisani katikati ya wimbo.

Jumamosi mgeni akafika, mama mwembamba mwenye mvi. Shangazi akamlaki kwa prego tatu mfululizo, akamketisha, akamwekea kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Mgeni akakitazama, kisha akakisukuma taratibu kuelekea kwa shangazi.

"Prego," alisema.

Shangazi akaduwaa. Kwetu, anayekataa akamwani ya mama amemkataa na mtoto.

"Mawe, mama wee! Amemkataa Rose?" alininong'oneza, machozi yakimlengalenga. Mimi nilishapandwa na hasira, nilitaka kukiondoa kikapu na mgeni aende zake.

Rose ndiye aliyeuliza, "Mama, umetafuna?"

Shangazi hakuwa ametafuna. Mwenyeji hutafuna kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Shangazi mwenyewe ndiye aliyetufundisha tukiwa wadogo. Siku hiyo kichwa kilijaa prego, akasahau.

"Nilimwambia asiguse kabla yako," Rose alisema. "Anakungoja wewe."

Aibu niliyoisikia siwezi kuieleza. Shangazi akachukua punje moja, akatafuna. Mgeni akachukua tatu. Uchungu ukamkunja uso wote, lakini akaendelea kutafuna.

Mgeni alipoondoka nilimuuliza shangazi kama sasa amelielewa lile neno.

"Hata kidogo," alisema, akikifunika kikapu. "Ila mkwe mwenzangu hakutema."