Programu Mbili na Ngumi za Mlinzi

Nilipomwona yule mama mara ya kwanza, alikuwa amekaa kwenye benchi letu la nje, mkono wa kushoto umening'inizwa shingoni kwa kanga, jicho moja limevimba mpaka limefumba. Pembeni yake alikaa mume wake. Naye hakuwa na meno mawili ya mbele, na kila alipomeza mate alitema damu kwenye kitambaa. Nilidhani ni ajali ya lori. Barabara ya Misigiri ilikuwa ikituletea watu wa namna hiyo kila mara.

"Mmepata ajali wapi?" nikauliza.

"Si ajali, sista," yule mama akasema. "Mimi nimepigwa na huyu. Huyu amepigwa na kaka zangu."

Alisema kama mtu anayetaja alikotoka na anakokwenda. Mume akainamisha kichwa.

Wakati huo nilikuwa muuguzi, nasimamia chumba cha kupima pumzi katika hospitali ya misheni, Singida mjini. Chumba kilianzishwa kwa ajili ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kutoka Iramba, watu waliomeza vumbi la mawe mpaka kupanda ngazi tatu kukawa kazi. Walipuliza kwenye mrija, mashine ikatuambia mapafu yao yamebakiza nini. Kisha marafiki wa misheni wa nje wakatutumia kifaa cha pili, cha kumpima mtu akiwa amelala: fungu la waya nyembamba zenye vibati vya kubandika kichwani, kidevuni, kifuani na miguuni. Kilikuja bila programu ya kukiendesha kwenye kompyuta. Zamani tungeandika barua bohari ya serikali na kusubiri mpaka tusahau tulichoomba. Lakini soko huria lilikuwa limefika hata kwetu, na wauzaji walikuja wenyewe, wamevaa tai, vumbi la barabara likiwa bado kwenye viatu.

Walikuja wawili. Kijana wa Dar es Salaam alileta programu iliyopendeza macho. Ukimaliza kumpima mgonjwa inakutolea karatasi moja safi, na juu yake alama ya kijani au nyekundu. Mhasibu wetu aliipenda siku ileile. Wa pili alikuwa mama mtu mzima kutoka Arusha, mwenye sauti ya ukali kama mwalimu wa hesabu. Programu yake ilikuwa na kioo cheusi na mistari myembamba inayotembea, na haikutoa hukumu yoyote. Ilitunza mistari tu, yote, ili mtu aisome mwenyewe. Daktari wetu mkuu aliamua tuzijaribu zote mbili kwa wagonjwa wa kweli, kisha kamati ichague. Kamati ilikuwa yeye, mhasibu na mimi.

Sasa yule mume. Kazi yake ilikuwa ulinzi. Alikuwa akilinda mashine ya kukamua alizeti kule Mandewa, moja ya zile zilizofunguliwa na watu binafsi. Mashine zilikuja, na wezi wakaja nyuma yake. Mwenzake wa zamu alikuwa amekatwa panga la shingo kwenye lango lilelile, na huyu ndiye aliyemkuta akiwa bado anatapatapa. Tangu hapo, kila alipolala mchana baada ya zamu, alipigana. Aliruka kitandani akipiga ngumi, akikaba, akitupa mateke. Aliyekuwa karibu alikuwa mke wake.

"Akiwa macho hajawahi kuniinulia mkono," mama aliniambia nilipokuwa nikimfunga upya. Mtulinga wake, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ulikuwa umevunjika. "Hata kunifokea. Watoto wetu wanamchezea kama mbuzi."

"Na kaka zako umewaambia?"

"Nimewaambia. Wanasema namficha."

Kaka mkubwa alikuwa amekuja naye kutoka Ulemo, kijijini kwao. Alisimama mlangoni na fimbo yake ya mchungaji, mtu mrefu, mkimya. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa akimtazama shemeji yake.

Tulimlaza mlinzi na programu ya kwanza. Kwa kuwa alizoea kulala mchana, tulifunga mapazia baada ya chai ya saa nne, nikambandika waya, akasinzia kabla sijamaliza. Hakuruka siku hiyo. Alitupa mkono mara kadhaa, akapiga ukuta, akanguruma, basi. Alipoamka tulibonyeza kitufe na karatasi ikatoka, ina alama ya kijani. Pumzi nzuri. Na chini, kwenye zile dakika alizopiga ukuta, programu ilikuwa imeandika: mgonjwa yuko macho.

Daktari aliisoma mara mbili. Alikuwa mtu mwangalifu, lakini karatasi ilikuwa imepigwa chapa vizuri, na mke na kaka walikuwa wamesimama mbele yake wakisubiri.

"Inasema pumzi yake ni nzima," akasema polepole. "Na wakati ule wa vurugu, inasema alikuwa macho. Sijui. Nataka nimpime tena."

Kaka hakusubiri hilo la mwisho. Aligeuka akatoka. Mlinzi alikuwa ameketi kwenye ngazi za chumba cha dobi, ameshika kikombe cha uji kwa mikono miwili, gundi ya vibati ikiwa bado kwenye nywele. Fimbo ya kwanza ilimpata sikioni. Nilisikia mlio wake nikiwa ndani, kama mtu amevunja kuni kavu. Nilipotoka alikuwa chini, uji umemwagika usoni, na fimbo inapanda na kushuka, mgongoni, mbavuni, kwenye mikono aliyojikinga nayo. Kaka hakupiga kelele. Alisema neno moja tu kila aliposhusha.

"Macho! Macho! Macho!"

Nilimrukia mgongoni. Alinitikisa kama anavyotikisa mvua kwenye koti, nikaanguka kwenye beseni la mashuka. Ilibidi waje bawabu wa hospitali na wanaume wawili waliokuja kuona wagonjwa ndipo akashikwa. Damu ilikuwa inatoka kwenye sikio la mlinzi, nyembamba, imechanganyika na maji. Mke wake alipiga magoti pale kwenye uji akawa anamfuta kwa mkono wake mmoja mzima, huku akimtukana kaka yake kwa Kinyiramba, maneno ambayo mwanamke hamwambii kaka yake mkubwa.

Daktari alitaka polisi waitwe. Mlinzi, akiwa amelala kwenye machela, akakataa.

"Ni shemeji yangu," akasema. "Angekuwa dada yangu anavunjwa mifupa, mimi ningeua."

Daktari akamfunika shuka. Kisha akamwambia yule kaka kwamba polisi hawataitwa kwa sharti moja: abaki mjini mpaka kipimo cha pili, na akitazame kwa macho yake.

Mbavu zilipopoa kidogo tulifunga mapazia tena. Programu sasa ilikuwa ya yule mama wa Arusha, naye alikaa mbele ya kompyuta na daktari, nyuma ya dirisha la kioo. Kaka alisimama nyuma yao. Mke alikaa kwenye kiti mlangoni. Mimi nilikuwa ndani na mgonjwa, kwa sababu waya moja ya kidevu ilikuwa inabanduka kila akigeuka.

Alilala kwa utulivu kwa muda mrefu. Nilikuwa bado nimeinama, nimemaliza tu kubandika tena ile waya, alipofungua mdomo na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lango liko wazi." Halafu akanikaba.

Sijawahi kushikwa hivyo kabla wala baada. Vidole gumba vyake vilikutana kooni kwangu, akaninyanyua, akanigongesha ukutani. Nilijaribu kupiga kelele, hakuna kilichotoka. Waya zilikuwa zimemzunguka kama mizizi, nyingine zikikatika, na kifaa kikaburutwa mezani kikaanguka. Uso wake ulikuwa karibu na wangu. Kope zilikuwa zimefumba nusu, na chini yake macho yalikwenda huku na huku kama ya mtu anayesoma kwa haraka.

Mlango ukapigwa teke. Kaka aliingia na fimbo ikiwa juu tayari.

"Usimpige!" mke akapiga kelele nyuma yake. "Mtazame! Mtazame macho!"

Akamtazama. Niliona fimbo ikisimama hewani. Kisha akaiachia ikaanguka, akamkamata shemeji yake kwa nyuma, mikono kifuani, kama mtu anavyomkamata ndama anayechanjwa. Mlinzi akaniachia, akainamisha kichwa, akauma mkono uliomshika. Aliuma mpaka damu ikatiririka kwenye kiwiko. Kaka hakuvuta mkono.

"Mwite," akamwambia dada yake. "Mwite taratibu."

Mke akamwita, kwa jina lake la nyumbani. Mara ya tatu mwili wote ukalegea. Mlinzi akafumbua macho, akaona damu, akaona mimi nimekaa chini nikikohoa, akauliza, "Wezi wamemuumiza sista?" Halafu akaelewa, akalia kama mtoto.

Waya zilizobaki zilikuwa zimeendelea kuandika. Daktari alituonyesha mistari kwenye kile kioo cheusi. "Hapa ubongo wake unaota," akasema. "Sisi tukiota, mwili unafungwa. Kidevu kinalegea, mstari wake unakuwa bapa. Tazameni wa kwake. Haujafungwa hata kidogo. Anachokiota anakitenda." Kaka hakuelewa mistari, na nadhani hakuhitaji kuielewa. Alikuwa ameshika mkono wake unaovuja damu, akimtazama mtu aliyekuwa akilia kitandani.

Nyumbani mume wangu aliona alama za vidole shingoni kabla sijavua kitambaa cha kichwa. "Nani amekukaba?"

"Mgonjwa. Alikuwa amelala."

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Kwa siku kadhaa alinitazama kama nimebeba siri ya mwanamume mwingine. Hapo ndipo nilipoonja kidogo tu kile ambacho yule mama alikuwa amekila kwa miaka.

Kamati ilipokaa, mhasibu bado aliitaka ile ya kwanza. Wafadhili wanataka karatasi, alisema, nani atawapelekea mistari? Kijana wa Dar es Salaam alikuwa ameitwa kujibu maswali.

"Programu yako ilijuaje kwamba mgonjwa wangu alikuwa macho?" daktari akamuuliza.

"Akisogea sana inahesabu ameamka, daktari."

"Nifungulie mistari ya siku ile niione."

"Mistari haitunzwi. Inatunza majibu tu. Ndiyo maana ni nyepesi."

Daktari wetu, mtu aliyekuwa akiomba radhi kwa kuku akimkanyaga, alimshika kijana tai akamvuta juu ya meza. Vikombe vilianguka. "Mtu amepasuliwa sikio kwa ajili ya majibu yako!" Mhasibu na mimi tulivutana naye mpaka akaachia. Kijana alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Baadaye nilimwonea huruma. Hakuitengeneza yeye, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali lile. Alikusanya diski zake akaondoka.

Tulichukua ile ya mistari. Ilitutesa. Kusoma usingizi wa mtu mmoja kulinimalizia siku nzima, na mwanzoni macho yaliniuma mpaka nikaota mistari. Mhasibu alilalamika mpaka alipohamishwa.

Mlinzi alipewa dawa ya kumeza kabla ya kulala, na daktari akamwagiza asilale tena kitanda kimoja na mke wake wala panga lisiwe ndani. Dawa ilipunguza, haikumaliza. Sikio lile halikusikia tena. Mke wake alikaa Ulemo mpaka mfupa ukaunga, kisha akarudi mwenyewe kwa mumewe, bila kuitwa. Nilipomuuliza kama haogopi, alifikiri kwanza.

"Naogopa," akasema. "Lakini yeye alinipiga akiwa amelala. Wengine wote waliniita mwongo wakiwa macho."

Nilipita kwao Mandewa msimu wa kiangazi uliofuata, kumpelekea dawa. Nyumba ilikuwa na chumba kimoja, na kaka mkubwa alikuwa amekuja na lori la tofali kuwaongezea cha pili, ili kila mmoja alale kwake. Mkononi alikuwa na kovu la meno, duara kamili. Wanaume hao wawili walijenga asubuhi nzima, mmoja akichanganya udongo, mwingine akipanga tofali, na sikusikia wakisemezana hata mara moja. Saa ya kula ilipofika walinawa kwenye bakuli moja, wakaketi kwenye kivuli cha ukuta ambao ulikuwa bado haujafika kiunoni, wakamega ugali kwenye sahani moja. Kaka alisogeza kipande cha nyama upande wa shemeji yake. Yule akakichukua, akala.