Mafiga Niliyowawekea Wageni

Wiki ya tatu hii nimerudi kutoka kwetu milimani, ndugu yangu, na shati nililovaa huko bado linanuka moshi wa kuni za miwati. Mke wangu ameliomba alifue, nimemwambia aniachie kidogo. Ni harufu ya nyumba ya bibi, mama yake mama yangu, kule Mgeta, ambako mwezi wa sita unaamka na kukuta ukungu umekaa mlangoni kama mgeni anayeona haya kubisha hodi.

Kama hujafika Uluguru, nikueleze jambo moja: huko juu hakuna mahali pa kuweka kikombe kisianguke. Watu wanalima mashamba yaliyosimama wima. Boga likikatika kikonyo linajiviringisha lenyewe mpaka kwa jirani wa chini, na jirani huyo hulirudisha akicheka au hulila akicheka. Lakini bibi alikuwa na kipande cha tambarare, kama kiganja kilichokunjuliwa kwenye ubavu wa mlima, na kijito kikipita pembeni. Hapo ndipo nilipokulia. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kuteka maji kabla mbuzi hawajayavuruga, kisha kuchuma njegere vidole vikiwa vimekufa ganzi, kisha kumenya magimbi yaliyotoka chunguni wakati huo huo, na hapo vidole vilifufuka kwa kuungua. Saa sita kengele ya misheni ililia ng'ambo ya bonde. Bibi aliegemeza jembe, akafanya ishara ya msalaba, akasali Malaika wa Bwana amesimama pale pale, udongo umempanda hadi magotini. Sala hiyo niliijua shambani kabla sijaingia darasa la mafundisho. Baadaye nikawa katekista, nikawafundisha watoto wengi, lakini mpaka leo nikiisali nasikia harufu ya majani ya karoti.

Bibi alikuwa mkubwa wa ukoo pale. Kwetu Waluguru mtu ni wa upande wa mama, na ardhi hufuata huko huko. Mtu akija kuomba mahali pa kulima, bibi hakumpimia kwa kamba. Alimpa chakula, akamsikiliza siku hiyo na siku nyingine, na akiridhika alishuka kijitoni mwenyewe, akachagua mawe matatu, akaenda kuyapanga pale mgeni atakapojenga. Kisha alileta kaa la moto kutoka jikoni kwake, akawasha moto wa kwanza. Basi, hapakuwa na jambo jingine. "Nimemwekea mafiga," alisema, na tangu hapo hakuna mtu, hata mtoto wake wa kumzaa, aliyeweza kumwuliza yule mgeni ni nani aliyemleta.

Namkumbuka mmoja aliyetoka upande wa Gairo, mwaka ambao mahindi yalinyauka kwao. Alikuja na mke na mtoto wa kiume wa rika langu. Alikuwa Mwislamu, sisi Wakatoliki, na bibi alimwekea mafiga hapo chini kidogo ya kwetu. Kuanzia siku hiyo kuku wa bibi walichinjwa na yeye, ili nyumba zote mbili ziweze kula. Mimi na yule mtoto tulikuwa kama kidole na kucha. Nikiwa kwenye mafundisho, yeye alinisubiri nje akirusha mawe. Akiwa chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani, mimi nilisubiri nje nikirusha mawe yale yale. Baba yake amezikwa huko. Yeye mwenyewe bado yupo, mzee kama mimi, na nyumba yake imesimama pale pale bibi alipoweka mawe.

Si kila aliyeomba alipewa. Alikuja mfanyabiashara wa mbao, maneno yake matamu kama togwa. Bibi alimpikia jogoo, akamtandikia mkeka. Yule bwana alikaa akisubiri mafiga, hakuyaona, hatimaye akaaga. Bibi alimsindikiza mpaka njia panda na kumfungashia ndizi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Nikishaweka siwezi kung'oa, kwa hiyo natazama kwanza."

Nyumba ya bibi ilianguka zamani, na wakubwa wote wa ukoo wametangulia. Mkubwa sasa ni mimi. Baada yangu ni mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa shule ya msingi. Watoto wangu ni wa ukoo wa mama yao. Huyu ndiye wa kwetu. Hadithi hizi zote anazijua, alizisikia kichwa kikiwa mapajani mwangu. Siku hizi anafanya kazi Dar es Salaam, na ni mwanachama wa klabu ya watu wenye magari ya fowili, yale yanayovuta kwa matairi yote manne. Mwisho wa juma wanakwenda kwenye njia mbaya kwa makusudi, wanalala kwenye mahema, wanarudi wamechafuka na kufurahi.

"Anko, shikamoo," alinipigia simu. "Jumamosi tunapanda Mgeta. Wewe unakaa mbele."

"Marahaba. Kwa magari yenu hayo ya kunywa mafuta?"

"Yanakunywa, ila yanapanda. Ukikataa nitakubeba mgongoni." Halafu sauti yake ikashuka. "Nataka twende wote kwenye kaburi la mama."

Ungekuwa wewe ungekataa?

Nilikutana nao Msamvu, kwenye kituo cha mafuta. Magari marefu, mahema yamekunjwa juu ya paa, makoleo yamefungwa ubavuni. Kiongozi wa msafara alikuwa baba wa makamo, mpole, mwenye kofia pana. Vijana wote walinipa shikamoo yangu bila kukumbushwa, na dada mmoja aliyesimamia mapishi alinifunga mkanda kama mtoto. "Babu, ukiona tunapaa, shika hapo juu." Tulipopita Mzumbe na kuiacha lami, walisimama kupunguza upepo kwenye matairi, tukaanza kupanda. Walizungumza kwa redio ndogo za mkononi.

"Gari la mwisho, mnaonekana?"

"Tunaonekana kwa vumbi tu, kiongozi. Tumeshakula la kututosha."

"Msishibe, kuna pilau."

Kwenye kona moja yenye matope gari la mbele lilizama. Walifunga kamba ya winchi kwenye mkaratusi na kuanza kulivuta. Akapita mama mmoja na kabichi kichwani, anashuka sokoni. Alinisalimu mimi kwanza, kisha akawatazama wale vijana waliopakwa tope mpaka kwenye nyusi. "Poleni wanangu. Mngeniambia mapema, ningewabebea na hilo gari." Walicheka hata waliokuwa chini ya gari. Nami nilicheka, na njia nzima nilikuwa nikimshukuru Mungu kimoyomoyo, kwamba ameniweka hai mpaka nipande kwetu nimekaa kwenye kiti.

Tambarare ilikuwa vile vile, nyasi zimejaa, na pembeni makaburi ya bibi, mama na dada. Nilisali. Mpwa wangu alipiga magoti kando yangu na kulia. Hilo ndilo linalonisumbua hadi sasa, kwa sababu siamini kwamba machozi yale yalikuwa ya uongo.

Walipomaliza kusimamisha mahema alinijia. "Anko, gesi tunayo, lakini leo tunataka kupikia mafiga. Tuwekee wewe, kama alivyokuwa akiweka bibi. Wenzangu nimewasimulia."

Ndugu yangu, nilifurahi. Mara ngapi kijana wa mjini anakuomba desturi? Nilishuka kijitoni akinishika kiwiko, nikachagua mawe matatu, nikayapanga katikati ya tambarare, nikawasha moto. Walipiga makofi, mpwa wangu akapiga picha kwa simu. Jirani yangu, yule mwenzangu wa utotoni, alikuwa amekaribishwa kula pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Alisogea karibu.

"Ndugu yangu, umeyaweka kweli?"

"Si unayaona?"

"Nayaona," akasema, akaenda kukaa.

Nilidhani ni uzee tu, maana sisi sasa tunauliza jambo moja mara mbili. Pilau ilikuja, na yule dada akamwambia mwenyekiti, "Jaza sahani mwenyekiti, hiki si kikao." Tukala na kusimuliana mpaka nikasinzia.

Jumapili asubuhi nilikwenda ibadani kigangoni, na jirani alinisindikiza kama zamani. Njiani akasema, "Maadamu umekubali, sisi hatuna neno. Ila wasijenge vyoo upande wa kijito, chini tunakunywa maji hayo."

"Nani anajenga?"

Alisimama. Alinitazama kwa muda, na nadhani alielewa kabla yangu. "Mpwa wako alikuja wakati wa kuvuna njegere. Aliomba tambarare iwe kambi ya klabu, na vijumba, na maegesho. Tukamwambia hapa neno ni la mkubwa wa ukoo. Tukasema, mjomba wako akija akawawekea mafiga, nani atapinga? Akasema, mjomba atakuja." Akanishika bega. "Jana umekuja."

Tuliendelea kutembea. Nilikaa kigangoni kwenye benchi la nyuma. Walipofika kwenye Baba Yetu, niliyoiongoza miaka mingi kwenye kanisa lile lile, nilisali mpaka "utusamehe makosa yetu", na maneno yanayofuata sikuweza kuyatoa. Wengine waliyasema, nikayasikiliza.

Niliporudi mpwa wangu alikuwa akikunja hema.

"Ungeniambia," nikasema.

Hakujifanya haelewi, hilo namshukuru. "Ningekwambia ungekataa, anko."

"Ndiyo maana ya kuuliza."

"Ni ardhi ya mama yangu. Hata hivyo ingekuja kwangu."

"Ingekuja. Nilikuwa nakutunzia."

Kiongozi wa msafara alisikia, akasogea, akavua kofia. "Mzee wetu, sisi tuliambiwa wewe ndiye uliyetualika. Ukisema hapana tunafunga mizigo, na habari ya kujenga imekwisha."

Mpwa wangu akamjibu bila kuniangalia. "Yakishawekwa hayang'olewi, kiongozi. Anko mwenyewe anajua."

Nilijua. Mimi ndiye niliyemfundisha. Aliyachukua maneno ya bibi, yale niliyompa kama mtu anavyompa mtoto wake rozari, akanifungia nayo mlango. Ardhi haikuniuma kama hilo. Jirani na mwenyekiti walikuwa wamefika kuaga, wamesimama na vikombe vya chai mkononi, na wote waliningoja mimi. Nikiyaacha mawe, magari yatageuzia juu ya makaburi ya mama zangu, na itakuwa kwa mkono wangu. Nikiyang'oa, nitakuwa wa kwanza katika ukoo wetu.

Nilichukua ndoo nikamwaga maji motoni. Nilisubiri mvuke uishe. Kisha niliinama, nikayang'oa moja moja, nikayarudisha kijitoni, na hakuna aliyenisaidia wala aliyenizuia. Nilipopanda tena, mpwa wangu alikuwa ameingia garini kwake na kufunga kioo. Jirani yangu alikuwa bado anatazama pale mawe yalipokuwa, jivu limelowa.

"Kumbe yanang'oka," akasema.

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu aliyeishi miaka yote akiegemea ukuta, leo ukasogea kidogo. Alikunywa chai yake, akashukuru, akashuka kwake, kwenye nyumba ambayo imesimama juu ya mawe matatu ya bibi yangu na neno lake, basi.

Nilishuka mlima kwenye gari la kiongozi. Yeye na wenzake wametimiza ahadi, tambarare iko wazi, nyasi zitajaa tena. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mpwa wangu hupiga simu, nami hupokea, na salamu yake naitikia kama kawaida. Yale maneno ya Baba Yetu yaliyokwama kigangoni nayasema tena sasa, polepole, kila alfajiri, nikiomba siku moja moyo uyafuate. Mungu hana haraka, na mimi kwa umri huu nimejifunza kwake.

Lakini juzi kijana wa jirani yangu alinipigia. "Babu, shikamoo. Mzee anaomba kwa heshima zote, ukipata nafasi uje tuandikishane kile kiwanja chetu. Na mashahidi, na muhuri wa kijiji. Anasema usimfikirie vibaya."

Simfikirii vibaya. Ana haki, na wengine chini yake watafuata, maana milimani habari hazilali njiani. Mvua ikipungua nitapanda, nitakaa mezani na rafiki yangu wa utotoni, na tutatia saini kama watu wasiojuana. Bibi hakujua kuandika hata jina lake, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwomba aliandike.