Pamba, Viberiti na Madundu Wetu wa Changamwe

Sisi tuliokulia Changamwe kabla ya kila mtoto kupewa simu, tulijua kuimaliza siku nzima bila mtu kutuambia tufanye nini. Jumamosi asubuhi ilianza na harufu ya mahamri kutoka nyumba ya pili, na nyuma yake moshi mzito wa malori yanayoteremka Kipevu. Wasichana waliruka kamba uwanjani mpaka mchanga ukawaingia menoni. Wavulana walipiga mpira wa makaratasi. Mimi nilikaa kibarazani nikiwatazama.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alinichukua kwa nyanya huko Ganze, ndugu zangu wanne akawaacha kulekule, kwa kuwa chumba chetu kilitosha kitanda kimoja na mtoto mmoja. Alikuwa mfanyakazi wa usafi hospitalini, akitoka alfajiri na kurudi jua likizama. Kwa nyanya tulizoea kulala watoto watano mkeka mmoja, huyu mguu wake shingoni kwa yule. Changamwe nililala kwa kusikiliza redio ya jirani. Shuleni walicheka Kiswahili changu cha Kigiriama, basi nikaacha kuzungumza.

Aliyenitoa kibarazani ni Akinyi. Baba yake alikuwa karani kwenye yadi ya makontena, watu wa Kisumu, na Kiswahili chake kilichekwa kuliko changu. Siku moja alinijia amefumba mkono, akaufumbua mbele ya uso wangu. Ndani mlikuwa na dundu wa kijani, anang'aa kama kitambaa cha harusi.

"Amekufa," akasema. "Nikimtupa kuku watamla. Uko na kitu cha kumweka?"

Nilikuwa na kiberiti kitupu. Ndivyo tulivyoanza.

Nje ya ukuta wa yadi palikuwa na taa kubwa juu ya mlingoti, na kila kulipopambazuka, madundu waliojigonga kwenye ile taa walikuwa wamelala chini yake. Wengine weusi kama viatu vilivyopigwa rangi, wengine wa kahawia wadogo kama punje ya mbaazi, wengine wenye masharubu marefu kuliko mwili wenyewe. Tuliwahi kabla ya kuku. Vijana wa leo ukiwaamsha saa kumi na mbili Jumamosi watadhani nyumba inaungua.

Kundi letu la kwanza tuliliharibu wenyewe. Tuliwatia wangali wabichi kwenye mkebe wa biskuti, tukaubana mfuniko, tukaridhika. Ilikuwa majira ya masika. Wiki ya pili mama akaufungua akitafuta sindano.

"Kadzo."

"Abee, mama."

"Ni nini hiki kinachonuka chumbani mwangu?"

Walikuwa wameota kuvu nyeupe, miguu imeachana na miili. Niliosha mkebe mara tatu, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Mama alidhani nalia kwa kukemewa.

Baba Akinyi ndiye aliyetuonyesha. Alikuwa mtu mpole, mrefu, anayezungumza akitazama kazi ya mikono yake. "Mmewafungia na maji yao tumboni," alisema. "Wakausheni kwanza." Tukawatandaza juu ya gazeti kivulini, tukawanyoosha miguu kwa sindano, tukangoja wiki nzima. Kutoka kazini alituletea mifuko midogo ya kukausha, ile inayotundikwa ndani ya kontena ili mizigo isiingie unyevu njiani, ambayo yadi huitupa kontena likishafunguliwa. Mama naye, alipoona hatuachi, alileta vipande vya pamba vilivyobaki kwenye pakiti.

Dundu mdogo alilazwa ndani ya kiberiti, juu ya pamba nyembamba. Juu yake hatukuweka pamba kamwe, maana nyuzi hunasa kucha na ukiivuta unatoka na mguu. Tulimfunika kwa karatasi laini. Wale wakubwa tuliwafunga kwenye gazeti, kama muuza njugu anavyofunga njugu. Wote wakaingia kwenye boksi la viatu pamoja na mfuko wa kukausha na kipande cha kafuri. Mama alilalamika kwamba chumba kinanuka maiti. Miguu ya meza tuliisimamisha kwenye mikebe ya maji, sisimizi wasipande. Na katika kila kiberiti, kikaratasi: mahali, tarehe, na jina la aliyeokota. Hapo Baba Akinyi hakuwa na mchezo. Dundu asiye na kikaratasi alimrudisha mezani kama karani anayerudisha fomu.

Baada ya mwaka mmoja tulikuwa na viberiti sitini na kitu. Wale wa kuruka kamba walikuja kuchungulia, wakapiga kelele, wakarudi kwenye kamba yao. Sikujali tena. Nilikuwa na mtu.

Fahari yetu ilikuwa chonga, yule dundu mwenye pembe anayetoboa minazi. Nilimwokota mimi, chini ya mnazi uliooza kuelekea Miritini, mkubwa kama kidole gumba cha mtu mzima, pembe yake nzima kabisa. Hakuenea kwenye kiberiti. Tulimtengenezea kijumba kwa boksi la sabuni.

Kisha Baba Akinyi akapata barua ya uhamisho. Walikuwa wanarudi Kisumu.

Akinyi aliniambia tukiwa tunabadilisha kafuri. Hatukulia. Tuliketi tukaanza kugawana: huyu wako, huyu wangu, yule wa kijani wako kwa kuwa ulimleta. Tulikwenda vizuri mpaka tukafika kwa chonga.

"Kisumu hakuna minazi," akasema Akinyi. "Sitampata mwingine. Wewe utampata."

"Nimemwokota mimi."

"Lakini wewe unabaki."

Aliisema kana kwamba kubaki ni zawadi niliyopewa. Nikachukua boksi la sabuni nikaondoka nalo. Siku tatu hatukusemezana. Kutoka kibarazani nilimwona akibeba vyungu na magodoro, naye akaniona, kila mmoja akageuza uso.

Siku ya mwisho mama hakuenda kazini mapema. Alinikuta nimepakata lile boksi.

"Wanapakia lori," akasema. "Wakishaondoka, utacheza na nani? Na huyo mdudu?"

Nilishuka chini nikaanza kufunga. Sijawahi kufunga kitu kwa uangalifu namna ile, hata watoto wangu walipokuwa wachanga. Nilibadilisha pamba. Nikakunja karatasi laini nikaizungushia pembe, nikaweka vijiti vya kiberiti kila upande asitikisike barabarani. Nikatia mfuko wa kukausha uliokuwa mkavu kuliko yote. Nikafunga uzi, nikakimbia.

Lori lilikuwa limeshawashwa. Akinyi alikaa mbele, kati ya wazazi wake. Nilimpa boksi kupitia dirishani. Aliugusa uzi, akajua.

"Nitakuandikia," akasema.

"Usimwache juani," nikasema mimi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Hadi leo natamani ningalisema jingine.

Barua ilikuja shuleni baada ya kama miezi miwili. Madundu wote wamefika, ila chonga mguu mmoja umetoka, ameubandika kwa gundi, nimsamehe. Shule yake mpya ni kubwa na hajapata rafiki. Niliisoma mpaka mikunjo ikachanika. Kujibu, nilitaka kwanza nipate dundu wa ajabu wa kumwelezea, asidhani nimekaa bure. Nikangoja mvua. Kabla ya mvua mama akapata kazi ng'ambo ya pili ya kivuko, tukahamia Likoni, na katika kuhama barua ikapotea na anwani yake. Kama aliandika tena, aliandika kwenye shule ambayo sikuwamo.

Boksi langu la viatu ninalo hapa Kisauni, juu ya kabati. Mume wangu ametangulia mbele ya haki, watoto wako Nairobi na Doha. Kila masika nabadilisha kafuri peke yangu. Madundu wako salama kuliko nilivyotarajia.

Mwaka jana binti yangu alikuja likizo, nikamsimulia. Akanicheka kwa upendo. "Siku hizi mtu hapotei, mama," akasema, akatoa simu, akaandika jina. Wakaja Akinyi wengi, wanawake wa umri wangu, mmoja amebeba mjukuu, mwingine kanisani, mwingine amesimama kando ya gari. Nilivaa miwani nikawatazama mmoja mmoja, nikijaribu kuwatoa mvi na unene, niuone ule uso wa dirishani. Wawili nilidhani ni yeye. Binti yangu akawaandikia. Mmoja alijibu kwa adabu kwamba hajawahi kuishi pwani. Wa pili hajajibu.

Watoto wetu wanaagana uwanja wa ndege, na kabla ndege haijatulia angani wameshaanza kutumiana picha. Naona raha kwa ajili yao. Enzi zetu mtu akihama alikuwa amehama kweli. Na aliyebaki alibaki.