Choo Kinachofunguliwa Ulaya

Choo cha ploti yetu, mtaani Sarang'ombe, hufunguliwa na kompyuta iliyoko Ulaya. Wafadhili walikijenga, wakakipaka rangi za bendera yao, wakaniajiri nikisimamie kwa sababu nina digrii ya uhusiano wa kimataifa. Ufunguo hawakunipa. Nilikosa usingizi nikijiuliza kama nimekuwa liwali wa wakoloni.

Jumamosi moja, upande wa bwana arusi ulikuwa unatoka Kawangware, sehemu iitwayo Kongo, kuleta mbuzi wa ntheo. Kwetu Wakamba, mbuzi hao wasipopokelewa, mke si mke. Mpokeaji alikuwa shangazi yangu, mama wa bibi arusi. Aliingia chooni mara moja tu kabla ya wageni kufika, na mlango ukagoma kufunguka.

"Fungua, wewe!"

"Siwezi, shangazi. Mpaka Ulaya waidhinishe."

"Kwani wanajua niko humu?"

Nikapiga simu. Sauti ya kike ikaniomba nisubiri, huko kwao ni sikukuu. Nikawaza: nikivunja mlango, si watatunyima na maji wanayotupa? Na wakitunyima maji, si nitakuwa mimi niliyevunja uhusiano wa mataifa mawili?

Mwenye ploti, mzee wa Kinubi, alinicheka. "Babu yangu alimpigania Mwingereza, akaambiwa angoje hati ya shamba, akafa akingoja. Ngoja tu, kijana."

Mbuzi wakafika kabla sijaamua.

"Niaje, buda," bwana arusi akasema. "Mathe ako wapi?"

Nikaonyesha choo. Mjomba wake, msemaji wao, akavua kofia akausalimu mlango. Mbuzi mmoja akalia.

"Huyo amekonda!" shangazi akapaza sauti kutoka ndani. "Nasikia mbavu. Badilisha!"

Wakabadilisha. Akanyamaza. Kwa kuwa hawakuuona uso wake, hawakujua kama amekasirika, wakaongeza blanketi. Kimya. Wakaongeza gunia la sukari. Mjomba akaanza kutoka jasho.

Ghafla taa ya mlangoni ikawa ya kijani, mlango ukafunguka wenyewe. Shangazi alikuwa ameketi juu ya ndoo, mkoba mapajani, anatabasamu. Akatutazama, akawatazama mbuzi, akauvuta mlango akaufunga tena.

"Bado! Nitatoka nikimaliza."

Simu ikaita. Ile sauti ilitaka nithibitishe kwamba mtumiaji ametoka, ili wafunge faili.

"Hajaamua," nikasema.