Ndagala Yake Njo Nini?

Kwenye ndoa ya ndugu ya Mama, mufupa wa mukebuka, ule samaki mukubwa wa ziwa, ulinikwama mu koo. Nilikuwa mudogo sana, na Papa, kwa mapendo yake, alinitilia mukononi kipande kinono cha samaki kutoka sahani ya wakubwa. Rafiki yangu, nilikiona cha moto! Mumoja ananipiga mugongo, mwingine ananishika miguu anataka kunigeuza kichwa chini kama kuku wa soko, na ngoma inaendelea kulia tu. Nkambo, mama muzaa Papa, njo aliwasukuma wote. Akafinyanga tonge la bugali, akasema: “Meza, usitafune.” Nikameza. Mufupa ukashuka pamoja na tonge.

“Nani alimupa huyu samaki ya wakubwa?” akauliza. Papa akaangalia viatu vyake.

Nkambo alikuwa na sheria yake: kila meno na samaki yake. Mutoto asiye na meno anapewa muchuzi. Akiota meno, ndagala, wale samaki wadogo kama kidole, sababu mufupa wa ndagala unatafunika. Mukebuka hauna haraka, utamungoja. Na muchuzi wenyewe, wee! Nyanya, chumvi, mawese kidogo… lakini niache, nikianza na chakula sitafika.

Juzi nilimukuta muke wa mutoto wangu amemukalisha mujukuu mbele ya ubao wenye herufi zote, kuanzia ya kwanza mupaka ya mwisho. Mutoto hajafika hata miaka mitatu. Analia, makamasi mu mudomo. “Mama, huyu mutoto ana shida gani?” ananiuliza. Nikajibu: “Umemupa samaki ya wakubwa.” Akaniangalia kama vile kichwa changu kimekwisha. Basi nikamuketisha, nikamusimulia habari ya mudogo wangu.

Wakati ule inchi ingali Zaire. Tulikaa hapa hapa Kalemie, chini ya njia ya treni, karibu na muchanga ambapo wamama walikuwa wanaanika ndagala. Papa alikuwa anapakua mizigo ku porti. Kusoma alijua, lakini polepole, kidole chini ya kila neno. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu, mudogo wangu alipozaliwa, sababu Mama alikuwa anauza ku soko na mutoto alihitaji mugongo. Mugongo huo ulikuwa wangu. Sikulalamika. Nilijiambia: nitamubeba, naye atasoma kwa ajili yetu wawili.

Papa naye aliwaza vile vile, ila alikuwa na haraka. Mutoto ana miaka mine, yeye anataka aingie shule! Na kuingia haikuwa mambo ya karatasi: direkteri anakuambia upitishe mukono juu ya kichwa, uguse sikio la upande mwingine. Vidole vya mudogo wangu viliishia kwenye utosi. Basi kila magaribi Papa anapaka ule mukono mafuta ya mawese, anauvuta.

“Papa, naumia!”

“Vumilia, kijana. Shule haiko mbali.”

Mama jirani akaita toka nyuma ya ua wa lupango: “Wee Papa, vuta pole, atafika sikio langu huku!”

Baada ya mukono, ubao. Herufi zote, kila siku, na fimbo juu ya magoti. Mupaka mudogo wangu akiona chaki tu anaingia chini ya kitanda na kukojoa humo humo. Mimi njo nilikuwa nafua. Na nikifua moyo wangu unauma: huyu akichukia herufi, ule mugongo wangu ulibeba bure.

Siku moja alilia mupaka pumzi ikamukwama. Anavuta hewa, haiingii. Papa akatupa fimbo, akamukumbatia. Pumzi iliporudi, Papa akamwangalia Nkambo.

“Ni kama ile siku ya ndoa.”

“Mimi sijasema kitu,” Nkambo akajibu.

“Sasa, Mama, ndagala yake njo nini?”

Tulianza kutafuta wote. Mimi na Mama tukiponda sombe, majani ya muhogo, michi miwili mu kinu kimoja, tulikatakata maneno kwa mapigo: bu-ga-li, nda-ga-la, ma-we-se. Mudogo anapiga makofi, anataka neno refu, anacheka. Muda murefu ilikuwa hiyo tu, bila herufi hata moja. Halafu Papa, akitoka kazi, alikuja kwenye muchanga tulipokuwa tunafukuza ndege, akapanga ndagala kavu zikawa herufi moja: ya kwanza ya jina la mudogo. Mudogo akaifuata kwa kidole, akaijua, akaila. Kesho yake Papa akaipanga tena. Tukaanza kumuona anakimbia kati ya mitumbwi iliyovutwa inchi kavu, kati ya mifuko ya unga sokoni, popote herufi ile imeandikwa: “Ya kwangu! Ya kwangu hii!” Herufi moja ikikaa mu kichwa, Papa anapanga ingine; mudogo akichoka, anasema basi, anasawazisha muchanga. Mukono wenyewe ulirefuka bila mawese.

Siku ya shule nilimupeleka mimi. Direkteri, ndani ya abakosi yake, ile koti ya Zaire isiyo na tai, akamuita kama walivyoita kila mwananchi wakati ule: “Sitwayen mudogo, gusa sikio.” Mudogo hakuligusa, alilikamata lote akalivuta. Kisha akaona neno limeandikwa juu ya mulango wa darasa. Akakunja ngumi mbili, akaponda hewa kama sombe: “Ki… mya… KIMYA!” Watoto wote wa mustari wakanyamaza, na direkteri akacheka mupaka akashika tumbo.

Leo ule muchanga haupo, ziwa lilipanda likaufunika. Papa na Nkambo wamelala kaburini. Mumoja wa michi ile miwili ninao bado, na jana nilisikia muke wa mutoto wangu anaponda, sauti ndogo inamufuata: so-mbe, so-mbe.

Siku ile ya shule nilikuwa nimemufungia mudogo wangu ndagala za kukaanga mu jani. “Nitakungoja hapa mulangoni,” nikamwambia. Akachukua jani lake, akaachia mukono wangu, akaingia darasani bila kugeuka. Kwenye ule muchanga hakurudi tena kutafuta herufi: toka siku ile alisoma darasani, kwa ajili yetu wawili.