Sikuitikisa Chupa Mbele ya Mama Zubeda

Mhariri, naomba jina langu lifichwe. Jambo hili nililificha hata kwa padri. Nina miaka kumi na saba, nasoma sekondari hapa Bujumbura, na naishi kwa mjomba wangu, fundi wa ndege ndogo zinazopeleka dawa mikoani kwa kuwa magari yanavamiwa njiani.

Mafuta ya ndege hizo, yenye madini ya risasi, yamekuwa adimu. Mjomba akaruhusiwa kujaribu petroli ya gari isiyo na madini hayo, mradi isiwe na spiriti, kwani spiriti huharibu mipira ya injini. Alinifundisha kuipima: unatia maji kidogo kwenye chupa, unaweka alama, unaongeza petroli, unatikisa. Maji yakipanda juu ya alama, spiriti imo.

Akanituma mtaa wa Cibitoke kwa Mama Zubeda, mjane anayeuza petroli kwa madumu. Mimi na binti yake, Zubeda, tunakaa dawati moja.

"Karibu mutoto wangu! Mbona we mwembamba hivi, kwenu hawapiki?"

Wateja wakacheka. Chupa nilikuwa nayo, lakini kupima mafuta ya mtu mbele ya wateja wake ni kumwita mwizi. Nikashindwa. Hata nyumbani sikupima. Niliogopa yakiwa mabaya nitatumwa kuyarudisha.

"Umepima?" mjomba aliuliza.

"Ndiyo, Tonton. Ni safi."

Mjomba na wenzake waliijaribu injini chini, bila kuruka. Baada ya siku chache mipira ilivimba, mafuta yakavuja. Mjomba akapima mwenyewe, akaikuta spiriti. Akanikokota hadi Cibitoke.

"Ulionyesha mutoto mafuta mazuri, kwenye dumu ukatia ingine! Ulitaka kuua watu?"

"Apana, muzee. Mi nauza vile nanunua."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikamwacha alaumiwe. Sasa wateja wanapita meza yake kama hawaioni, na Zubeda amehama dawati.

Juzi nilimwambia mjomba ukweli. Akasema, "Mi niombe samahani juu ya uongo yako? Nyamaza, itapita."

Wasomaji, nishaurini, nitamrudishiaje mama huyu jina lake? Nilichofanya mpaka sasa ni hiki tu: jana, baada ya masomo, nilikwenda kwenye meza yake, nikawaambia kwa sauti wote waliokuwa karibu kwamba sikupima, kwamba nilidanganya, na kwamba yeye hakumdanganya mtu. Mama Zubeda hakuniangalia.

"Sogea," alisema. "Unazibia watu njia."

Nikasogea.