Marahaba Niliyoipeleka Usagara

Niliacha hedifoni ndogo za kuchomeka masikioni, nikanunua zile kubwa zinazofunika sikio zima. Nikizivaa sisikii kitu. Kwa umri wangu, vijana wa mtaani kwetu Nguvumali huniamkia njia nzima, basi kila niliyemwona akichezesha midomo nilimjibu, "Marahaba!"

Jumamosi nilikwenda Usagara kumbembeleza mke wangu, aliyerudi kwao kwa madai kwamba simsikilizi. Mlangoni, nikiwa nimeinamia simu natafuta pa kuzima muziki, mtu alisimama mbele yangu.

"Marahaba, mwanangu!" nikamjibu.

Nilipozivua hedifoni na kuinua uso, nilimkuta baba mkwe.

"Nimekuuliza umefuata nini hapa," akasema.

Nyuma yake mke wangu akadakia, "Baba, si nilikwambia?"